Riwaya ya Majimaji ya Mwalimu wangu imenivunja moyo, naye anataka niisifu hadharani

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari hapa Songea. Najua wengi wanakuletea mambo ya ndoa na mirathi. Langu mimi ni kitabu, na limeninyima raha vilevile.

Mwalimu aliyenifundisha Kiswahili nikiwa mwanafunzi alistaafu, na baadaye akatoa riwaya ya Vita vya Majimaji. Sijui kama wewe wa mbali unaweza kuelewa tulivyoisubiri. Sisi tumekua jirani na Makumbusho ya Majimaji. Kila tarehe 27 Februari tunakusanyika kwenye kaburi la pamoja la mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, tunasikiliza hotuba, tunarudi majumbani. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapa hapa akakutana na ukoo wa Nduna Songea Mbano na kuomba radhi. Tangu hapo wanafunzi wangu wamekuwa na maswali ambayo kitabu cha kiada hakiyajibu: watu wale walikuwa wanaishi vipi, waliogopa nini, waliamini nini usiku kabla ya vita. Nikawaambia subirini, Mwalimu anaandika.

Kitabu kikatoka. Nilinunua nakala yangu, nikanunua na nyingine kwa ajili ya maktaba ya shule. Nilipofika katikati nilikuwa na hasira.

Mwalimu amemleta huku Ungoni, nchi yetu Wangoni, Kinjikitile Ngwale, yule mganga wa Ngarambe aliyetoa maji ya dawa yaliyoaminiwa kuzuia risasi. Katika riwaya, Kinjikitile anatembea kutoka Ngarambe mpaka Songea, anawanyunyizia wapiganaji maji kwa mkono wake, kisha anawaongoza kwenda kuikabili bombomu, bunduki ya rashasha ya Wajerumani. Lakini Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa havijafika huku kwetu. Dawa ililetwa Ungoni na mjumbe, Omari Kinjala. Hili nalifundisha kila mwaka. Tena wazee wa kwenye riwaya wanakaa barazani wakizungumzia “taifa letu la Tanganyika”, jina ambalo Waingereza walianza kulitumia mwaka 1920. Wote waliokufa mwaka 1906 walikufa hawajalisikia likitajwa kama jina la nchi yao.

Mhusika mkuu hana kasoro hata moja. Hapigi chafya, haogopi, na akifungua mdomo inatoka hotuba ya kurasa mbili. Adui wote ni wazungu, kana kwamba askari weusi hawakuwepo. Nduna Mkomanile, mwanamke pekee miongoni mwa walionyongwa, amepewa aya moja tu, na katika aya hiyo anagawa pombe. Isitoshe, huyo shujaa ni mtu wa kubuni, hayumo kwenye orodha ya walionyongwa, na Mwalimu amempa mapenzi na msichana aliyetekwa na Wangoni kutoka kabila jingine. Wazee wetu wamechukia hili la mateka. Na mimi limenikera, kwa sababu limetuvua heshima katika kitabu ambacho kingetupa heshima.

Sura moja tu imenigusa. Iko karibu na mwisho: mama mmoja anafukia mbegu za ulezi chini ya mafiga ili askari wasizione, halafu watoto wake wanalia njaa naye anajua mbegu zipo. Hiyo nimeirudia mara nyingi.

Sasa Mwalimu amenipigia simu. Februari ijayo, wiki ya kumbukumbu, atafanya hafla ya kitabu mbele ya wazee na wanafunzi, na anataka mimi niwe mzungumzaji. Kisha atachapa tena. Walimu wenzangu wanasema nimsifu, ni mtu wetu, amejitolea fedha zake. Lakini kwenye jaribio la mwezi uliopita wanafunzi wangu wameandika kwamba Kinjikitile alipigana Songea. Wamelitoa humo.

Nimwambie au ninyamaze? Na je, ni haki yangu kuidai riwaya mambo ninayoidai historia?

Mwalimu wa Historia, Songea

—

Marahaba, mwanangu.

Nenda kwa Mwalimu wako kabla ya hafla, na uende na nakala yako mkononi. Jibu ni hilo. Ila usiende na barua hii kama ilivyo, kwa sababu umeyachanganya malalamiko ya kila namna ndani yake, na mengine si ya haki. Ukimbebesha mzee yote kwa mkupuo, ataanza na lile alilokuzidi hoja na mengine hatayasikia.

Nianze na hilo ambalo sikubaliani nawe. Shujaa wa kubuni ni ruhusa ya riwaya, na bila ruhusa hiyo hakuna riwaya. Orodha ya walionyongwa inatupa majina. Haitupi mtu aliyelala na hofu, aliyegombana na kaka yake, aliyempenda asiyeruhusiwa kumpenda. Mwandishi anambuni kijana ambaye angeweza kuwepo, akamweka katikati ya watu tunaojua kwamba walikuwepo, ili tupite mahali ambapo kumbukumbu za maandishi hazipiti. Hapo Mwalimu hajakosa.

Na msichana mateka ndiye kitu cha kweli kuliko vingi ulivyonitajia. Wangoni walifika kusini mwa nchi katika karne ya 19 wakitokea kusini kabisa mwa Afrika, na dola zao zilijengwa kwa mikuki na kwa watu waliotekwa. Hao mateka na watoto wao, walioitwa sutu, ndio waliokuja kuwa wengi katika Ungoni. Wewe unayefundisha historia unajua kwamba moja ya mambo yaliyowakera watawala wa Kingoni chini ya Wajerumani ni kuzuiwa kuendelea na uvamizi huo. Msichana kama huyo alikuwemo katika maboma mengi. Wazee wamechukia, na nawaelewa, kwa sababu tarehe 27 Februari ni siku ya msiba na mtu hapendi kukumbushwa makosa ya marehemu kaburini. Lakini riwaya haisomwi kaburini. Mimi ningemlaumu Mwalimu kwa kinyume chake: kwamba alimleta msichana huyo kisha akamwacha awe mpenzi tu wa shujaa. Je, alipoambiwa wote ni kitu kimoja sasa, wote wanywe maji wampige Mjerumani, yeye aliyeuliwa baba yake na hao hao wanaompa maji alijisikiaje? Hiyo ndiyo sura ambayo ningeitafuta.

Kwa hiyo lalamiko hilo liondoe kwenye orodha yako.

La Kinjikitile ni jingine, nalo una haki nalo kabisa. Mwandishi anaweza kumhamisha mtu wa kweli mahali na wakati, lakini anapaswa kumwambia msomaji. Ebrahim Hussein alipoandika tamthiliya ya Kinjeketile, alieleza waziwazi katika utangulizi kwamba mhusika wake ni kiumbe cha ubunifu, kwamba anafanana na mtu wa historia lakini si yeye. Msomaji akaingia akijua. Tangu hapo hakuna mwalimu anayeweza kulalamika kwamba kadanganywa. Mwalimu wako hakuandika hata mstari mmoja wa namna hiyo, na matokeo yake umeyaona kwenye karatasi za jaribio.

Lakini ukienda kwake usisimame kwenye tarehe peke yake, kwa sababu mwandishi ukimwambia tarehe anasikia mkaguzi wa shule. Mwambie kwamba ukweli ungempa riwaya kali zaidi. Fikiri: Kinjikitile amekwisha kunyongwa Mohoro, mwanzoni mwa Agosti. Dawa yake haikufa naye. Inaendelea kutembea kwa miguu ya wajumbe walioitwa hongo, kijiji baada ya kijiji, inavuka mito, inabadilika kidogo kila mdomo unapoipokea, hadi inafika Ungoni mikononi mwa Kinjala. Anayeipokea anaweka roho yake rehani kwa neno la mtu ambaye hajamwona na hatamwona kamwe. Swali la usiku ule ambalo wanafunzi wako wanakuuliza, waliamini nini, limo humo. Ukimleta Kinjikitile mwenyewe awanyunyizie kwa mkono wake, swali linakufa. Nani asingemwamini mtu aliyesimama mbele yake? Na mlango wa kuingilia Mwalimu anao: inasimuliwa kwamba Mkomanile ndiye aliyempokea Kinjala na kuifikisha habari ya maji kwa watawala wa Kingoni. Mwanamke mwenye mamlaka anayepaswa kuamua kama mgeni huyu ni mkombozi au ni balaa, na ambaye uamuzi wake utamfikisha kwenye kitanzi. Mwalimu alikuwa naye kurasani, akampa kibuyu cha pombe. Hili mimi limeniuma kuliko Tanganyika.

Tanganyika ni rahisi. Neno linafutwa katika chapa ijayo na kazi imekwisha. Ila mwonyeshe kwamba limetokea mahali fulani: watu wa riwaya hii wanajua yatakayokuja. Wanazungumza kama watu waliokwisha kusikia hotuba za Uhuru. Mwaka 1905 hata Ungoni haukuwa kitu kimoja, kulikuwa na dola mbili, Njelu ya Mputa Gama na Mshope ya Chabruma, kila mmoja na watu wake na mahesabu yake. Wazee wale barazani wangezungumza juu ya kodi, juu ya kiboko cha akida au askari, juu ya heshima ya chifu wao, juu ya jirani ambaye hawamwamini. Nadhani hotuba za kurasa mbili unazozilalamikia zinatoka hapo hapo. Mhusika anayejua mwisho wa hadithi hana la kufanya ila kuhutubia.

Na askari. Jeshi la Wajerumani katika vita vile lilikuwa la maofisa wachache wazungu na askari weusi wengi, Wasudani, Wamanyema na wengine wa humu humu. Waliochoma maghala ya nafaka walikuwa na ngozi kama yetu. Kuliacha hili ni kumwondolea Mwalimu mwenyewe wahusika bora. Askari mmoja tu mwenye jina, mwenye mke anayemsubiri bomani, angeifanya sura ile ya mafiga iwe nzito mara mbili, kwa kuwa kuna mkono ulioifunua ile nyumba kutafuta nafaka, na mkono huo ni wa mtu.

Sura hiyo nataka tukae nayo kidogo. Baada ya Wangoni kupigwa Namabengo, Oktoba 1905, vita viligeuka vya kuviziana misituni, na Wajerumani wakaamua kuvimaliza kwa njaa. Kapteni Wangenheim aliandika wakati huo huo kwamba ni njaa na dhiki tu vitakavyowafanya watu wasalimu amri kabisa. Mashamba yakachomwa, maghala yakamwagwa, mbegu zikachukuliwa. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyewahoji wazee wa Matumbi na Kilwa, alifikia kati ya 250,000 na 300,000, na wengi katika hao hawakufa kwa risasi. Kwa hiyo Majimaji ni hadithi ya njaa kuliko ilivyo hadithi ya mapigano. Mwalimu wako, katika kitabu kizima cha ngao na mikuki na hotuba, alifika mara moja mahali penye kiini chake. Mama anazijua mbegu zilipo na watoto wanalia. Akiwapa, mwakani hakuna shamba. Asipowapa, mwakani hakuna watoto. Hakuna hotuba pale, wala wewe hukuhesabu tarehe ulipoisoma. Mtu aliyeandika sura hiyo anaweza kuandika.

Ndiyo maana umeumia hivi. Kitabu kibaya cha mtu asiyejua kuandika ungekifunga ukaendelea na maisha. Hiki kimekuonyesha kwamba mwandishi uliyemtaka yupo, halafu akakunyima kurasa nyingine zote. Na kuna jambo la pili ambalo nakuomba ulipime kwa haki. Riwaya za vita hivi kwa Kiswahili ni chache, na wewe umeikabidhi moja, ya mstaafu mmoja aliyelipia uchapaji kwa fedha zake, kazi ya kujibu maswali yote ya watoto wa Songea. Vitabu vya namna hii vikitoka mikoani mara nyingi havijapitiwa na mhariri. Hakuna aliyekaa na Mwalimu na mswada wake kumwambia hapa umechoka, hapa umeruka, huyu mama mrudishe. Alikosa msomaji wa mswada. Chapa ya pili inakuja, na msomaji huyo unaweza kuwa wewe.

Basi nenda nyumbani kwake, si kwa simu, na si kwenye kundi la WhatsApp la wahitimu wenu, hata kama mjadala umeshaanza humo. Nenda mapema, Desemba au Januari, ili awe na nafasi ya kufanya kitu. Mwamkie, mjulie hali, kisha muombe akusomee sura ya mafiga kwa sauti. Sikukushauri hilo ili kumlainisha. Nataka aisikie mwenyewe ikiwa masikioni mwake, maana ndicho kipimo mtakachotumia kwa mengine. Kisha mwambie kweli kwamba sura nyingine hazikufika hapo, na umwonyeshe mbili, si ishirini. Mimi ningechagua ile ya Kinjikitile na ile ya Mkomanile. Mweleze uliyoyaona darasani: wanafunzi wanakiamini kitabu chake kuliko kitabu cha kiada, wamekiandika kwenye jaribio. Kwa mwalimu mstaafu hilo ni jambo zito, na naamini atalielewa kabla hujamaliza.

Mpe na kitu cha kufanya. Kama anataka Kinjikitile abaki Songea, aandike ukurasa mmoja mwanzoni aseme amemhamisha na kwa nini. Kama anataka kumrekebisha, mpelekee ulichonacho kuhusu Kinjala. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walipita vijijini kukusanya masimulizi ya wazee juu ya vita hivi, na humo kuna sauti za watu wanaozungumza kama watu, si kama sanamu. Mzee aliyefundisha Kiswahili maisha yake yote akiisikia lugha ile, hotuba zake zitamchosha yeye mwenyewe. Katika habari hizo hizo za Songea kuna padri wa Kibenedikti aliyeingia gerezani siku za mwisho na kuwabatiza baadhi ya waliohukumiwa kunyongwa, miezi michache tu baada ya wapiganaji kuichoma misheni ya Peramiho na kumuua padri mwenzake. Muulize Mwalimu kwa nini shujaa wake hakuwemo katika chumba kile, na alikubali maji ya padri au aliyakataa.

Anaweza kukasirika. Ni mtu mzima, umewahi kukaa kwenye dawati lake, na kitabu ni chake. Akikasirika usibishane, mwachie nakala yenye alama zako za penseli uondoke kwa heshima. Watu husoma alama hizo wageni wakishaondoka.

Kuhusu hafla, kubali kuzungumza, lakini mwambie mapema utazungumza nini ili asishtukie mbele za watu. Usiseme ni riwaya kubwa kama huamini hivyo. Wanafunzi wako watakuwepo, wanakujua, na kesho utawataka waandike ukweli. Soma sura ya mafiga, uzungumzie njaa ya 1906 na 1907, uwaombe wazee waliosikia kwa bibi zao watu walikula nini miaka ile waseme. Sifa utakayompa Mwalimu hapo itakuwa ya kweli na itatosha. Kisha, kwa sentensi moja au mbili, sema kwamba katika historia Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905 na dawa ikaletwa Ungoni na wajumbe, na kwamba riwaya imechagua njia nyingine. Ukilisema kwa utulivu huo halitamdhalilisha mtu. Ingependeza zaidi akilisema Mwalimu mwenyewe, na ungemwomba hivyo siku ile ya mazungumzo yenu.

Wale walimu wenzako wanaosema umsifu kwa kuwa ni wetu, waulize wangapi wamekisoma mpaka mwisho. Aliyejinyima usingizi kuandika juu ya Ungoni anastahili kusomwa kwa makini hivyo na watu wa Ungoni, tena kabla ya wengine wote.

Nakala ya maktaba usiiondoe. Kwa idhini ya Mwalimu, bandika ndani ya jalada karatasi fupi yenye yale mawili, la Kinjikitile na la Tanganyika, wanafunzi waendelee kuisoma. Na darasani, wape kazi: waandike upya ukurasa wa Mkomanile, akiwa amekaa na Kinjala mbele yake, kabla hajaamua. Zile zitakazokuwa nzuri mpelekee Mwalimu azisome.